Kina Vitalis Wanazamia

Jumanne, 11 Novemba 1997

Nimeshinda.

Nilikuwa nafua nepi za mapacha kwa maji ya pili. Newala maji hayamwagwi hovyo: yakitoka kwenye vyombo yanakwenda kwenye nepi, yakitoka kwenye nepi tunadekia sakafu, na mwisho wake ni mchicha. Mara mume wangu Vitalis huyo anakuja mbio kutoka kibandani kwake sokoni, anakotengeneza redio, kashika redio ya mteja huku waya zinaning'inia.

"Mama Kurwa, wamekutaja! Dominika wa Newala!"

"Wako akina Dominika wengi."

"Wamesoma na sentensi yako, mama! Redio nzima imecheka."

Ni ile bahati nasibu ya Sabuni ya Pomboo. Ulitakiwa upeleke makaratasi matano ya sabuni na useme kwa nini unaipenda. Niliandika: "Kwetu maji yanabebwa kichwani, na Pomboo povu lake halina ubishi, ukilisuuza mara moja linaondoka." Basi. Sikufikiri kitu, Doto alikuwa analia.

Zawadi ni safari ya watu wawili, wiki moja, visiwa vya Karibi, kwenda kufundishwa kuzamia. Unavalishwa mtungi wa hewa mgongoni, unashuka chini ya bahari unaangalia samaki. Mwenye kampuni ana ndugu yake huko mwenye hoteli na meli. Mshindi anachagua: alale hotelini, awe anapelekwa majini asubuhi na kurudishwa, au alale kwenye meli wiki nzima, akiamka yumo baharini. Safari ni Juni. Jibu wanalitaka kabla ya Machi kwisha.

Mama mkwe alikuwa anabangua korosho mlangoni. Hakuinua kichwa. "Visiwa vya Karibu? Kama ni karibu, ndege ya nini?"

Mimi bahari nimeiona mara moja, Mtwara, nikiwa darasa la nne, na mwalimu alitukataza kusogea.

Alhamisi, 13 Novemba

Kurwa kaota jino. Doto analia kana kwamba kanyang'anywa yeye.

Alhamisi, 20 Novemba

Jua kali, maji hakuna. Nimepanga foleni ya bomba tangu asubuhi, mapacha mmoja mgongoni mmoja kifuani, natembea kama mlango.

Kwenye foleni wananiangalia. Shakila, jirani yetu muuza vitumbua, ndiye mwenye mdomo. Akaniuliza mbele ya watu, "Eti mama mapacha, ni kweli kina Vitalis mnazamia?" Foleni yote ikaangua kicheko.

Ndipo nikaelewa. Mtangazaji kasema "washindi wetu watakwenda kuzamia", na neno hilo kwa vijana wa siku hizi lina maana moja tu: kujificha kwenye meli hadi Ulaya, na usirudi. Mzamiaji ni yule ambaye mama yake anakaa anasubiri barua. Nikawaeleza mtungi wa hewa, nikawaeleza samaki. Shakila akanipiga begani. "Sawa mwenzangu. Na wale wa Mtwara nao huwa wanasema wanakwenda kuvua."

Nimecheka nao. Ndoo mbili tu nimepata.

Jumapili, 30 Novemba

Shemeji Dickson, mdogo wake Vitalis, katokea Mtwara. Huko anapakia korosho bandarini, na mara mbili wamemkuta ndani ya meli ambayo haikuwa inamhusu. Habari ya ushindi ameisikia kulekule. Kaja na mkate na maneno.

"Shemeji, tuseme ukweli. Wewe una mapacha, mimi nina mapafu. Nipe nafasi yako niende na kaka."

"Nafasi hii si kiti cha basi, shemeji."

"Mwanamke anayenyonyesha, chini ya bahari! Maziwa yatachanganyika na chumvi."

Vitalis alicheka, hakumkataza. Nimeliona hilo.

Jioni nikamwendea mama mkwe, Mama Bibiana, kwa adabu zote, nikapiga goti, nikamwomba akae na watoto hiyo wiki na siku za njiani. Akaendelea kubangua. Kisha akasema, "Watoto wenye wazazi nalea. Yatima silei." Akaingia ndani.

Yatima! Wanangu, nami nimesimama hapa hapa. Miaka mitatu naishi na Mama Bibiana nikijua ni mtu mkavu. Leo nimejua kuwa ana roho mbaya pia. Na bila yeye hakuna safari, maana mama yangu mzazi ni marehemu na dada zangu wote wana vichanga.

Jumapili, 14 Desemba

Mvua! Tumetoa hadi vijiko nje.

Jumanne, 16 Desemba

Wateja wa Vitalis wanachukua redio zao. Bwanali wa duka la nguo kabeba yake ikiwa wazi, matumbo nje, kaifunga kwenye kanga kama maiti ya kuku. "Baba Kurwa, usinielewe vibaya. Ila mali yangu siiachi kwa mtu anayezamia."

"Nakwenda wiki moja, Bwanali!"

"Kila anayezamia huanza na wiki moja."

Vitalis karudi nyumbani mapema. Kibandani kumebaki redio moja, na hiyo ni ya marehemu.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Mwaka mpya. Mvua haijakatika tangu Krismasi. Redio inasema ni Elinino. Shakila anasema hilo ni jina la mtoto mtukutu wa Kizungu, na mie namwamini.

Jumamosi, 10 Januari

Kazi hakuna, basi Vitalis anajifunza kubana pumzi. Anainamisha uso kwenye beseni, masikio yamebaki nje, mimi namwangalia nikimnyonyesha huyu na kumzuia yule. Leo alikaa sana, akaibuka macho mekundu.

"Mama Kurwa, maji haya yana ladha ya Pomboo."

"Ya nepi hayo. Ya kunywa siwezi kukupa ukayachezea."

Alitapika karibu na mchicha. Nilicheka hadi nikakaa chini. Zamani tulicheka hivi kila siku, kabla mapacha hawajatunyang'anya usingizi.

Baadaye tukabishana, hoteli au meli. Yeye anataka meli. "Hotelini kuna ukuta na dari, hivyo hata hapa ninavyo. Melini unafungua macho umo katikati ya maji, maji tu, huoni mwisho. Sisi watu wa Newala! Fikiria." Anapolisema hilo uso wake unakuwa kama wa Doto akiona kijiko.

Mimi nataka hoteli. Usiku huamka hata watoto wasipolia, na nikiamka nataka kukanyaga kitu kisichotikisika.

"Tutapatana," akasema. Lakini mlezi wa watoto bado hatuna.

Jumatano, 21 Januari

Homa ya Kurwa. Sijaandika, sijalala.

Jumapili, 25 Januari

Kapona. Anakula udongo. Ashukuriwe Mungu.

Jumapili, 8 Februari

Leo lazima niandike yote, hata kama ugali unaungua.

Uani kwetu kuna kisima cha Mama. Si kisima cha kuchimbwa, huku maji ya chini hatuyafikii. Ni shimo refu lililosakafiwa saruji, linapokea mvua kutoka kwenye bati. Mama Bibiana alilijenga mwenyewe kwa korosho zake, miaka mingi, mfuko mmoja mmoja wa saruji. Kikijaa mvua zikiisha, tunakunywa humo kiangazi chote. Mfuniko una kufuli na ufunguo uko kwenye pindo la kanga yake. Watoto wa hapa hufundishwa kabla ya sala: kisima hakitemewi mate, hakichunguliwi, hakipigiwi kelele.

Tulikwenda kanisani, Dickson akabaki, eti kichwa kinamuuma. Tumerudi, mfuniko uko wazi, bawaba zimefunguliwa kwa bisibisi ya Vitalis. Suruali na shati vimewekwa pembeni vizuri, kama mtu anavyoweka akienda kulala. Na chini kukatoka sauti: "Jamani."

Mama akachungulia. Dickson alikuwa mle ndani, maji shingoni, kashikilia kamba ya ndoo, midomo ya bluu.

"Unafanya nini kwenye maji yangu?"

"Mazoezi, Mama. Ya kuzamia. Kutoka ndiko kulikonishinda."

Kuta zimeota utelezi, na kamba ilikuwa imeanza kuchanika. Sasa ndipo nikaogopa. Vitalis akalala kifudifudi, mimi nikavua kanga mbili, nikazifunga fundo, Mama akashika miguu ya Vitalis. Tukavuta. Kwa muda nilidhani tutawapoteza wote wawili. Alipotoka, Mama alimkumbatia kwanza, akamkumbatia sana, kisha akaokota suruali yake na kumchapa nayo kuuzunguka ua wote, kijana mwenye ndevu, yuko na chupi tu.

"Umeoga kinywani mwangu! Mwana wa kumzaa mimi, umeoga kinywani mwangu!"

Majirani wakajaa. Mama akaamuru maji yote yatolewe. Mwaka mwingine huo ungekuwa msiba, tungeangua kilio. Mwaka huu Elinino ipo, kisima kitajaa tena. Basi mtaa mzima ukaja na ndoo na nguo chafu, wanafulia maji ya Dickson. Shakila kafua hadi mapazia. "Maji yana chumvi kidogo ya shemeji," anasema, "ila povu halina ubishi."

Dickson kajifunga blanketi, anatetemeka, na bado akafungua mdomo. "Shemeji abaki na watoto wake. Mimi na kaka twende, tubaki hukohuko, tutakuwa tunawakumbuka."

Mama alikuwa kashika ndoo. Akaiweka chini, akakaa kwenye tope na kitenge chake cha kanisani.

"Hukohuko," akasema.

Jumatatu, 9 Februari

Asubuhi Mama alishuka kisimani kukisugua kwa makumbi ya nazi. Kakataa mwanamume asiingie tena. Nikamwachia Shakila mapacha, nikateremka kwa ngazi kumsaidia. Kule chini kuna baridi, na anga unaiona kama sinia.

Tulisugua. Kisha akaanza, bila kunitazama.

"Baba yao alikwenda Tanga kwenye mkonge. Manamba. Alisema msimu mmoja. Vitalis alikuwa anatambaa, Dickson yumo tumboni. Nikaambiwa yuko, nikaambiwa kaoa, nikaambiwa kafa. Mimi mwenyewe sikuambiwa kitu naye."

Miaka mitatu naishi naye na kumbe sikuwahi kuuliza.

"Na sasa Vitalis anazamia. Na wewe unamfuata. Ndiyo maana nikasema yatima silei. Sitaki kuulizwa tena na watoto baba yuko wapi."

Ah. Kumbe hata yeye kalisikia neno kama foleni ya bomba ilivyolisikia, tena wenzake walicheka, yeye akawa analia ndani kwa ndani akibangua korosho. Nikaacha makumbi.

"Mama, kuzamia huku si kule. Unazama, unaangalia samaki, unaibuka."

"Unaibuka?"

"Hewa ya mtungi ni ya muda mfupi. Usipoibuka unakufa. Kwa hiyo kila mtu anaibuka, anarudi kula."

Akafikiri. Tone la maji likamdondokea utosini, hakulifuta. "Hiyo ni hewa," akasema. "Vitalis je? Kakuambia kwa mdomo wake kwamba ataibuka?"

Nikaokota makumbi, nikaendelea kusugua.

Jumanne, 10 Februari

Nimemuuliza wakati anakula, ili asikimbie.

"Baba Kurwa, unataka kubaki huko?"

Akalitengeneza tonge, akalitengeneza tena. "Nimewahi kuliwaza. Kama mtu anavyowaza kuwa na gari. Dickson anaongea, nami kibanda changu kitupu."

"Basi safari ni yangu, nitakwenda na Shakila."

Akacheka. Kisha akaona sicheki.

"Mama Kurwa."

"Nakupenda, na ugali wako upo mezani. Ila sipeleki mtu mahali nikarudi bila yeye. Ukiwa na jibu niambie."

Akatoka bila kunawa. Nimeosha sahani yake na roho inaniuma, lakini neno silirudishi.

Ijumaa, 27 Februari

Mvua. Barabara ya Masasi imekatika. Vitalis hasemi meli wala hoteli.

Jumamosi, 14 Machi

Mjomba wangu Danieli kafika. Dickson ndiye aliyemtumia salamu, anadhani mwanaume mwenzake atamtetea. Katoka Lisekese, huko Masasi chini, lori limemwacha njiani, kapanda mlima kwa miguu, tope hadi mapajani, kiatu kimoja kimebaki barabarani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Nipe maji ninawe, na usinipe yale ya shemeji yako, nimeyasikia tangu Masasi."

Tukakaa jikoni kwa sababu sebule inavuja. Dickson akasema yake yote: mapacha, mapafu, maziwa na chumvi, na kwamba kijana akifika kule atainua ukoo. Alisema vizuri. Vitalis aliangalia miguu yake. Mama Bibiana alichochea moto.

Mjomba alikuwa anakwangua tope kwa kijiti. "Bwana mdogo, huyu ni mtoto wa dada yangu. Kwetu sisi Wamakonde mali yake huulizwa kwa ukoo wake, na ukoo ndio mimi hapa na kiatu kimoja. Dominika, unataka kwenda?"

"Nataka, mjomba."

"Utarudi?"

"Nitarudi. Wanangu wako hapa."

"Umemsikia? Anataka mambo mawili. Wewe unataka moja tu. Nafasi si yako." Akamgeukia mume wangu. "Na wewe, mkwe wetu, unataka mangapi?"

Bati lilikuwa linapigwa mvua. Sijawahi kumwangalia Vitalis hivyo, hata kanisani siku ya ndoa.

"Mawili," akasema. Sauti yake haikutoka vizuri, akarudia. "Mawili, mjomba."

Ndipo Mama alipozungumza, bado kainamia moto. "Kama ni mawili, basi msilale kwenye meli. Meli ina nanga, ikitaka inang'oa inakwenda zake na waliomo. Hoteli haina pa kwenda. Mkilala hotelini, wajukuu zangu ninawalea."

Najua Vitalis alivyoitaka ile meli. Ndiyo kitu pekee alichokitaka kwenye safari hii. Alimwangalia mama yake mgongo.

"Hoteli, Mama," akasema. "Tutalala hotelini."

Mama akapakua mboga. Sahani ya Vitalis aliijaza kuliko ya mgeni.

Jumatano, 25 Machi

Tumekwenda posta kupiga simu Dar es Salaam kutoa jibu. Laini mbovu, Vitalis anapiga kelele, foleni nzima inasikiliza.

"Hoteli! Ho-te-li! Hapana, melini hatulali! Nasema meli hatutaki! Ndiyo, na tarehe ya kurudi tunaitaka ileile!"

Bwanali alikuwa nyuma yetu na barua zake. Akawageukia watu. "Mzamiaji gani huyu anayelala hotelini?"

"Na anayeulizia tarehe ya kurudi!" akadakia mwingine.

Jioni redio nne zimerudi kibandani. Ya Bwanali imerudi na kanga yake, na kuku mmoja hai wa kuomba radhi.

Jumapili, 12 Aprili

Pasaka. Kisima kimejaa hadi mdomoni. Mama kaonja, kafunga kufuli.

Jumatatu, 27 Aprili

Dickson hajarudi Mtwara. Anasugua visima vya watu, maana kila mtu sasa anataka chake kisafishwe kabla mvua hazijakoma, na yeye anajua kushuka. Wanamwita Mzamiaji. Amejinunulia kamba nene. Jana kamletea Mama sukari, akamwekea mlangoni, akasimama mbali kama mbuzi anayejua kosa lake. Nilimwona mjinga siku zote. Kumbe ni mtoto ambaye baba yake aliondoka hajazaliwa, na kila akiona meli anataka kujua inakwenda wapi.

Jumamosi, 9 Mei

Ukungu na baridi. Nimeanza kuwaachisha ziwa. Nilipaka shubiri. Kurwa alionja, akakunja uso, akaomba uji. Doto alionja, akaniangalia usoni kwa muda mrefu, kama anauliza mama yake kapelekwa wapi. Nikataka kuifuta shubiri palepale. Mama Bibiana akamchukua mikononi mwangu.

"Ukilegea leo, kesho unaanza upya. Nenda kachote maji."

"Mama, analia."

"Analia kwangu. Nenda."

Nilikwenda. Zamani ningesema ni mtu mkavu.

Ijumaa, 22 Mei

Wamelala kwa bibi yao usiku kucha. Mimi nimelala pia. Nilikuwa nimesahau kunavyokucha bila kuamshwa.

Jumatano, 10 Juni, Masasi

Tumelala kwa rafiki wa mjomba, sasa tuko stendi tunangoja basi la Dar es Salaam. Miamba ya Masasi imetukalia juu kama ng'ombe waliolala. Vitalis kavaa suti ya harusi. Kaniuliza mara nyingi kama samaki wa kule wanang'ata, nami sijui.

Jana asubuhi mapacha hawakulia. Walikuwa wanagombea sufuria. Mama alitusindikiza hadi gari linapopakia, akamshika Vitalis shavu, akamwachia. Gari lilipoanza kushuka mlima nilimwona kasimama pale pale, Kurwa mgongoni, Doto mkononi, na hapakuwa na vumbi la kumficha kwa sababu ardhi bado ina unyevu.

Sasa maziwa yamenijaa. Nilidhani yamekauka, kumbe mtoto wa watu analia hapa stendi na kifua changu kimemsikia. Blauzi imelowa yote. Nimejifunika kanga, nimeinama, machozi yananitoka na sikuyaita.

Vitalis akaona. Akaweka begi chini. Basi lilikuwa linaingia, utingo anaita abiria, watu wanasukumana.

"Mama Kurwa," akasema polepole, "turudi?"

Nikamwangalia. Angerudi kweli. Hapo hapo, na suti yake.

Nikajifuta uso kwa pindo la kanga, nikamkabidhi begi lake.

"Hatujaenda bado, Baba Kurwa. Twende kwanza, ndipo turudi."